Kasuku ametoka na hajarudi: tatizo liko wapi, na ufanye nini

Shaibu, kasuku wangu, alitoka Jumapili moja nikimbadilishia maji. Mlango wa tundu ulikuwa wazi, dirisha la jikoni lilikuwa wazi, sufuria ikaanguka. Basi. Alipita juu ya kichwa changu, akatua kwenye ukuta wa jirani, kisha kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Mimi nikatoka na ufagio mrefu, nyuma yangu watoto wanane wa mtaa, kila mmoja na ushauri wake. Wa tisa alikuja na manati, nikamfukuza. Kufika magharibi Shaibu alikuwa amehama miti mitatu, na kila alipohama ni sisi tuliomhamisha.

Tangu siku hiyo nimesaidia kutafuta kasuku wengi hapa Mombasa, wengine tumewapata, wengine hatukuwapata. Nilichojifunza ni kwamba ndege asiyerudi ana sababu, na sababu hiyo inaonekana ukitulia. Fundi wa redio hafungui redio kwa nyundo. Anawasha kwanza, anasikiliza inakoroma wapi. Kasuku naye ni hivyo. Dawa ya asiyejua kushuka humdhuru aliyeogopa, na yule aliyefungiwa sebuleni kwa mtu hata ukishinda chini ya mti wiki nzima hatakusikia.

Ninamzungumzia kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, kwa sababu ndiye ninayemfahamu. Kwa ndege wengine wadogo wa tundu mengi ni yale yale. Njiwa ni habari nyingine, nitamgusa baadaye.

Yuko juu ya mti, anakuona, anakujibu, lakini hashuki

Hii ndiyo hali ya kwanza kwa wengi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mwenye ndege anakasirika: "Ananiona! Anajua jina lake! Kwa nini haji?" Wengine huamua kwamba ndege amewachoka na ameamua kurudi porini.

Mara nyingi sababu ni nyepesi: hajui kushuka. Kasuku aliyekulia ndani ameruka kutoka tunduni hadi juu ya kabati, kutoka kabati hadi begani kwako. Hajawahi kushuka mita kumi kwa mteremko mkali. Kupanda ni rahisi, kwani hofu na mabawa vinatosha. Kushuka kunataka kupunguza mwendo, kuyapinda mabawa, kukadiria umbali, na hayo hujifunza kwa kufanya. Utamwona anainama, anafungua mabawa kidogo, anatazama chini, anayafunga tena. Anataka kuja. Anaogopa kuanguka.

Kwa hiyo usisimame chini ya shina ukimwita. Unamwomba afanye jambo gumu kuliko yote, kushuka wima. Sogea mbali kidogo ili mteremko ulale, na upande juu. Kama jirani ana ghorofa au paa la saruji, omba ruhusa uende pale na tundu lake. Mara nyingi ndege aliyegoma kwa saa tano huvuka mara moja anapokuona uko usawa wake. Kama hakuna ghorofa, mtengenezee ngazi kwa mahali pa kutua: tawi la chini zaidi la mti wa pili, kisha ukuta, kisha juu ya tundu. Akihama kutoka tawi la juu hadi la chini yake, msifu kama alivyozoea kusifiwa, halafu nyamaza.

Chakula kinasaidia, ila si kwa kukipunga hewani. Kaa anapokuona, kula karanga au hindi bichi wewe mwenyewe, kwa raha, kana kwamba yeye hayupo. Kasuku ana wivu wa chakula. Kama una ndege wa pili aliyezoeana naye, mtoe nje akiwa ndani ya tundu lililofungwa vizuri. Huyo hufanya kazi kuliko wewe.

Na uangalie ulivyovaa. Kasuku huogopa kitu kigeni kuliko anavyompenda mfugaji wake: kofia usiyoivaa nyumbani, ndoo ya rangi kali, fimbo ndefu, ngazi. Niliwahi kumwona ndege akishuka matawi mawili, halafu mzee mmoja mwenye nia njema akafungua mwavuli. Tulianza upya kesho yake.

Kuhusu kumpiga maji ya mpira ili alowe asiruke: watu huuliza sana. Sikushauri. Ukikosa, umemfundisha kwamba watu wa chini wanamshambulia. Kupanda mti nako hunipa shaka, kwanza kwa ajili ya shingo yako, pili yeye atapanda juu zaidi yako, na ana mabawa.

Kitu cha mwisho ni njaa na saa. Asubuhi ya kwanza bado ana shibe ya jana na msisimko wa leo. Kuanzia saa kumi alasiri, au asubuhi ya pili, tumbo linaanza kumshauri. Usiondoke wakati huo kwa kuwa umechoka.

Alikuwa pale, umegeuka, hayupo

Kabla hujakimbia mtaa wa pili, fikiri kwamba bado yuko pale pale. Kasuku anayehisi hatari huganda. Hasemi, hatikisiki, na rangi ya kijivu ndani ya mwembe uliofunga majani haionekani hata ukiwa chini yake. Nimemtafuta ndege kwa saa mbili kwenye mti mmoja, hatimaye nikamwona alipojisaidia.

Usiutazame mti mzima. Kaa chini, chagua upande mmoja, ngoja kinachotikisika bila upepo. Tazama pia ardhini: vipande vya majani na maganda ya tawi vilivyotafunwa upya, kinyesi kibichi. Kasuku hawezi kukaa juu ya mti bila kutafuna kitu.

Pwani tuna msaidizi asiyependwa: kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale taka, wakala na mengine yote, wakaenea mwambao mzima. Kunguru hamvumilii ndege mgeni. Wakimwona kasuku hukusanyika kwenye mti mmoja na kupiga makelele kama watu kwenye ajali. Ukisikia zogo hilo, nenda. Pengine ni paka tu au bundi, lakini pengine ni ndege wako, na kama ni yeye basi anahitaji uwafukuze, kwa sababu wakiwa wengi wanamdonoa. Mwewe naye ni hatari, hasa kwa ndege mdogo aliye peke yake kwenye tawi kavu la juu.

Kama kweli ameondoka, angalia upepo. Ndege aliyeshtuka na asiye na mazoezi hupelekwa na upepo zaidi kuliko anavyojipeleka. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, mimi huanza na upande wa kaskazini na bara. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, nageuza. Si sheria, ila ni bora kuliko kuzunguka ovyo. Ndege aliyekatwa manyoya ya mbawa mtafute chini: ndani ya michongoma, kwenye mtaro, chini ya magari, nyuma ya matangi. Wala usijiambie "huyu amekatwa, hawezi kuruka." Manyoya huota upya anapojinyonyoa kwa msimu, na upepo mzuri humnyanyua hata mwenye mbawa nusu.

Zingatia saa. Kasuku hupiga kelele kuanzia alfajiri inapopambazuka hadi kama saa mbili, kisha tena kuanzia saa kumi hadi jua likizama. Adhuhuri analala kivulini na wewe ulale. Jioni ndiyo muhimu kuliko zote: gizani haruki ila akitishwa, kwa hiyo ukiujua mti aliolala, umemshika kwa miguu. Weka alama, usimmulike, usimwite. Ukitoka swala ya alfajiri uwe pale na tundu na chakula, kabla hajafungua macho vizuri.

Unamsikia, humwoni

Katika mitaa iliyobanana sauti inadanganya. Inapiga ukuta huu, inatokea uchochoro ule. Simameni watu wawili kwenye pembe mbili tofauti, na anapolia kila mmoja anyooshe mkono kule anakosikia. Mikono inapokutana ndipo mwanzie. Waambie watoto wanyamaze. Hii ndiyo sehemu ngumu.

Ukiwa na rekodi ya sauti yake kwenye simu, icheze mara moja, kisha subiri dakika tano. Ukiicheza mfululizo atadhani kuna kasuku mwingine anayetawala mtaa.

Shaibu tulimsikia siku ya pili, ila hatukuelewa tunachosikia. Yeye neno lake kubwa ni "Hodi!", kwa sauti ya marehemu babu yangu, nzito na ya kukaza. Jioni nilikwenda kwa bi mkubwa mmoja, nyumba ya nne kutoka kwetu, kuulizia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa mlango leo?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akanambia tangu alfajiri amepigiwa hodi mara sita, kila akijibu karibu na kufungua, hapana mtu. Mara ya saba hakujibu. Alifunga mlango, akasoma Ayatul Kursiyy. Nikatazama juu. Kulikuwa na mti mkubwa wa mkungu uani kwake, na ndani yake kitu chekundu kidogo, ncha ya mkia.

Kwa hiyo katika tangazo lako andika neno analosema ndege. Watu hawatazami juu, ila wana masikio.

Watu wanapiga simu, ukifika si yeye

Hapa kosa liko kwenye tangazo. Ukiandika "Nimepoteza kasuku" na kunyamaza, kila mtu atajaza mwenyewe. Wengi wakisikia kasuku wanawaza ndege wa kijani. Kasuku wadogo wa kijani wa porini wapo huku Pwani, wanapita kwa makundi kwenye mibuyu na miembe, na utaitwa kuja kuwaona wote. Utaitiwa pia njiwa. Na kuna mtoto mmoja aliniletea kopo la mafuta ya kupikia, lile lenye jina na picha ya kasuku, akacheka hadi akakaa chini. Nilimpa shilingi ishirini kwa ubunifu.

Andika hivi: ndege wa kijivu, mkubwa kama njiwa au zaidi kidogo, uso mweupe, mdomo mweusi uliopinda, mkia mwekundu. Akiruka anapigapiga mabawa haraka haraka bila kuelea, si kama mwewe. Picha iwe moja tu, kubwa, inayoonyesha mkia. Mtu akikupigia, muulize mambo matatu kabla hujatoka: mkia una rangi gani, amemwona saa ngapi, na bado anamtazama sasa hivi? Akisema bado anamtazama, mwombe abaki hapo hapo asimrushie kitu, nawe upande boda.

Usiseme kila kitu. Pete ya mguuni ina namba, ifiche. Kidole kilichopinda, kovu, wimbo anaoujua nusu, bakisha kimoja moyoni. Ndiyo hati yako siku mtu mwingine akidai ni wake.

Kuhusu kutangaza, mtandao hufika mbali, lakini ndege yuko karibu. Anza na wanaotazama juu au wanaoamka mapema: watoto wa madrasa, mama wa mahamri, walinzi wa zamu ya usiku, mafundi wa paa na wa matangi, vijana wa kijiwe cha bodaboda. Mwombe imamu au mzee wa kanisa awatajie watu baada ya ibada. Kisha makundi ya WhatsApp ya mtaa. Zawadi itaje bila kiasi. Ukiandika elfu ishirini, kesho vijana kumi watakuwa juu ya mti wakimfukuza ndege wako kwa ajili yako.

Siku zinapita, kimya kabisa

Siku tatu, nne, hakuna sauti wala habari. Watu watakupa pole kana kwamba amekufa. Inawezekana, sikufichi. Lakini kwa kasuku aliyezoea watu kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi: amemshukia mtu. Alipolemewa na njaa alitua kwenye bega la kwanza au kwenye kamba ya nguo, na sasa yuko sebuleni kwa watu wasiojua unamtafuta.

Badilisha basi mahali pa kutafuta. Acha miti, nenda kwa watu. Zunguka kwa wanaouza kuku na njiwa sokoni, kwa wanaouza chakula cha ndege (mtu aliyepata kasuku ghafla atanunua mbegu za alizeti), kwa madaktari wa mifugo. Waachie picha, si maneno tu.

Na usikate tamaa mapema, kwa maana huyu ni ndege anayeweza kuishi miaka 40 na zaidi. Mwaka 2008 kule Nagareyama, Japani, kasuku wa kijivu aliyeokotwa juu ya paa alikaa kimya kwa polisi, akapelekwa kwa daktari wa mifugo, na baada ya siku chache akaanza kutaja jina lake na anwani ya nyumbani. Wakamrudisha. Mwaka 2014 huko California kasuku aitwaye Nigel alirudi baada ya miaka minne. Aliondoka akisema Kiingereza cha Uingereza, akarudi akiongea Kihispania. Kilichomrudisha ni chipu ndogo iliyokuwa chini ya ngozi yake. Tangu niisome habari hiyo nimemfundisha Shaibu jina la mtaa wetu. Namba ya simu ameigomea.

Jihadhari na wanaopiga simu. "Ninaye, tuma elfu mbili ya usafiri kwanza." Mwambie umsikie ndege kwenye simu, au akutumie video ya ndege akila. Mwenye ndege kweli hashindwi. Mwenye uongo ataanza hadithi ya simu mbovu.

Kuna sababu nyingine ya kimya ambayo watu hawaitaji: karatasi. Tangu 2017 kasuku wa kijivu yuko kwenye Orodha ya Kwanza ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini. Hilo ndilo daraja la juu kabisa la ulinzi, na hapa Kenya kumfuga kunataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la serikali. Asiye na kibali anaogopa kutangaza. Aliyempata naye anaogopa kusema. Ndege anabaki kati ya waoga wawili. Maoni yangu: shughulikia kibali kabla hajapotea, nakala uiweke kwenye simu, kwani ndiyo pia itakayomaliza ubishi wa nani mwenyewe. Na kama ulimnunua mtoto wa kasuku kwa mtu wa njiani asiye na karatasi, jua kuna uwezekano mkubwa aliibwa msituni.

Na njiwa?

Njiwa ni kinyume cha kasuku: yeye anajua kurudi, kwa hiyo asiporudi kuna kilichomzuia. Akiwa mgeni kwako, ulimfungulia mapema. Mfungie wiki tatu au nne apazoee, na amtazame mwenziwe akitoka na kuingia. Akiwa wa siku nyingi, hesabu matatu: mwewe, kundi la jirani lililomvuta, au jirani mwenyewe. Nenda ukaamkie nyumba zenye vibanda vya njiwa, kwa adabu, wakati wa jioni wanapoingia kulala. Usiende na shutuma. Mara nyingi utaambiwa "ah, yule mweupe? chukua," ilhali ungefoka angekuwa tayari ameshachinjwa.

Umempata, lakini hayuko sawa

Mshike kwa taulo, si kwa mikono mitupu. Hata anayekupenda atauma siku hiyo. Tundu liwe mahali penye kivuli na joto la wastani, mbali na feni. Maji kwanza, kidogo kidogo, kisha chakula alichozoea. Usimpe parachichi kwa furaha. Ni sumu kwa kasuku.

Kuchoka, kulala sana na kunyamaza siku moja au mbili ni kawaida. Lakini akikaa sakafuni mwa tundu badala ya kijitini, amejivimbisha manyoya, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi, hiyo si uchovu, nenda kwa daktari leo. Jeraha la paka, hata tundu dogo kama la sindano, usilisubirie kesho. Mate ya paka yana bakteria wanaomuua ndege haraka. Akianza kujinyofoa manyoya baada ya wiki, ni hofu iliyobaki. Mrudishie ratiba yake ya zamani, saa zile zile, watu wale wale, na uwazuie wageni wanaokuja kumwona "yule aliyepotea". Kama una ndege wengine au kuku, mtenge siku 30, huwezi kujua amekula na nani huko nje.

Shaibu alishuka siku ya tatu. Bi mkubwa alinifungulia ngazi ya kwenda darini, nikakaa usawa wa mkungu na hindi bichi mkononi. Alipiga hodi. Yule bibi, chini, kwa mazoea, akajibu "Karibu!" Shaibu akaruka moja kwa moja hadi juu ya tundu.

Sasa dirisha la jikoni lina wavu. Hodi bado anapiga, na katikati anaweka sauti mpya ya kunguru, ambayo hadi leo sijui nimwondolee vipi.